Dawa ya Maumivu, Kifo cha Mbwa na Lawama kwa Jirani

Mbwa akigongwa na bodaboda kwenye barabara ya kutoka Rongo kwenda Awendo na Migori, mara nyingi hafi papo hapo. Hujikokota hadi kwao, mguu mmoja wa nyuma ukining'inia, akajilaza nyuma ya jiko na kulamba jeraha. Wenye boma humwonea huruma, maana ndiye anayelinda ng'ombe na kuku usiku, na baada ya siku moja au mbili mtu huamua kufanya jambo. Daktari wa mifugo yuko mbali, na akiitwa lazima alipiwe usafiri. Kemisti iko hapo sokoni. Hata nyumbani hapakosi Panadol zilizobaki, au tembe za Brufen alizoandikiwa bibi kwa ajili ya magoti. Tembe hufichwa ndani ya tonge la ugali, mbwa humeza, na kesho yake huanza kuukanyagia ule mguu.

Basi hupewa tena siku ya pili, na ya tatu. Halafu siku moja anakataa ugali. Anatapika. Kinyesi chake kinakuwa cheusi na cha kunata kama lami, ufizi unapauka, na anakunywa maji bila kukoma au haachi kulala. Akifa, boma zima lina jibu tayari: ametegewa sumu. Macho yote humgeukia jirani ambaye vifaranga wake waliwahi kuliwa na mbwa huyo.

Hapo ndipo swali la madhara ya dawa za maumivu kwa mbwa linapopotelea katika kaunti za Migori na Homa Bay. Madhara yapo, na mengi yanajulikana kisayansi hadi kwa miligramu. Lakini yanapotokea hupewa jina lingine: sumu, parvo, kupe, uzee, au kichaa cha mbwa. Kosa lisilojulikana kuwa ni kosa hurudiwa kwa mbwa wa pili na wa tatu, kwa nia njema ile ile.

Sayansi yenyewe si ngumu kuifuata. Mwaka wa 1971, mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1982, pamoja na Waswidi Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Ibuprofeni (ndiyo Brufen), diklofenaki, naprokseni na meloksikamu zote hupita njia hiyo hiyo. Taabu ni kwamba prostaglandini haziishii kwenye maumivu. Ndizo pia zinazosaidia ukuta wa tumbo kustahimili asidi yake, na ndizo zinazoifanya mishipa ya figo ibaki wazi damu inapopungua au mwili unapokaukiwa maji. Dawa inayozima maumivu ya mguu huenda ikaondoa kinga hizo mbili kwa mkupuo mmoja.

Binadamu naye hupata vidonda vya tumbo kwa dawa hizi. Lakini mwili wa mbwa huzisindika kwa namna yake, na uzito wake haumsaidii. Ibuprofeni ni mfano mzuri. Katika majaribio ya zamani, mbwa waliopewa miligramu 8 kwa kila kilo ya uzito wao, kila siku kwa mwezi mmoja, walipata vidonda vya tumbo. Mbwa wa kawaida wa boma mwenye kilo 12 angefikia kiwango hicho kwa miligramu 96, yaani chini ya nusu ya tembe ndogo ya miligramu 200. Akipewa tembe moja ya miligramu 400, amepata zaidi ya miligramu 33 kwa kilo kwa mara moja, kiwango kinachotosha kuleta kutapika na kuhara damu. Kiwango kikipanda hadi karibu miligramu 175 kwa kilo, figo huingia hatarini. Kikipita 400, mbwa huanza kuyumba na kupata degedege.

Naprokseni ni mbaya zaidi, na sababu yake watu wengi hawaitarajii. Mwilini mwa binadamu, nusu ya dawa hiyo huondoka ndani ya saa 12 hadi 17 hivi. Kwa mbwa inachukua takriban saa 74. Ini huitoa kupitia nyongo, utumbo ukaifyonza tena, ikarudi kwenye damu na kuzunguka upya. Anayempa mbwa tembe moja asubuhi na nyingine jioni, kama alivyoelekezwa yeye mwenyewe kwa maumivu ya mgongo, anarundika dozi juu ya dozi ambayo haijaondoka.

Kuna jambo moja linalowapotosha hata watu makini. Dawa hizi zinaweza kuficha madhara yake zenyewe. Kidonda kinachoota tumboni kwa kawaida kingemuuma mbwa, lakini mbwa huyo yuko chini ya dawa ya maumivu, tena ni mnyama ambaye kwa asili hufunika udhaifu wake. Kwa siku kadhaa dalili inayoonekana ni moja tu, tena ni nzuri: anatembea. Kula kunapopungua, tumbo huenda tayari linavuja damu. Kwa hiyo kutokula ndiyo dalili ya kwanza ya kuangaliwa, na ndiyo inayopuuzwa kwa urahisi kwenye boma ambamo mbwa hula mabaki na hakuna anayemhesabia matonge.

Parasetamoli inahitaji maelezo yake, kwa sababu ndiyo inayoaminiwa kuliko zote. Panadol hupewa hata mtoto mchanga, basi itamdhuru vipi mbwa? Kwa kipimo sahihi, cha miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, madaktari wa mifugo huitumia kwa mbwa, na Uingereza ina dawa ya mbwa iliyosajiliwa yenye parasetamoli na kodeini. Ikifika karibu miligramu 100 kwa kilo, ini la mbwa huanza kuharibika. Ikikaribia 200, damu yenyewe hubadilika: chembe nyekundu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi ukawa wa kahawia badala ya waridi, mbwa akahema kana kwamba anakosa hewa huku mapafu yake yakiwa mazima. Tembe moja ya miligramu 500 kwa mbwa wa kilo 12 ni miligramu 42 kwa kilo, yaani karibu mara tatu ya miligramu hizo 15. Kwa mbwa mdogo wa kilo 5, tembe hiyo hiyo moja inamfikisha kwenye 100. Na paka wa nyumba asiguswe kabisa na dawa hii; ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja, na nusu tembe inaweza kumuua.

Hayo ni kweli kwa mbwa wa Nairobi, wa London na wa Chicago. Kinachoifanya Nyanza ya kusini iwe na hadithi yake ni magonjwa na hali ya mwili ambayo mbwa huyo anayo kabla tembe haijafika mdomoni.

La kwanza ni kupe. Mbwa anayeshinda na ng'ombe malishoni na kulala nje hubeba kupe kama wao, na kupe wa mbwa humwachia vimelea vya Ehrlichia na Babesia. Ehrlichia husababisha homa, uchovu na maumivu ya viungo, kiasi kwamba mbwa huchechemea bila kuwa na jeraha lolote. Mwenye mbwa anaona mguu unauma, anampa dawa ya mguu. Lakini ugonjwa huo huo hupunguza vijisahani vya damu, vile vinavyoziba mshipa unapopasuka. Tembe inayokwangua ukuta wa tumbo inamkuta mbwa ambaye damu yake haigandi vizuri. Kidonda ambacho mbwa mwingine angekivumilia, huyu kinamwaga damu, wakati dawa aliyoihitaji tangu mwanzo ni doksisaiklini, kiuavijasumu kinachojulikana sana hata kwenye maduka ya dawa za watu.

La pili lina anwani yake. Bonde la Lambwe, katika Kaunti ya Homa Bay, limejulikana kwa mbung'o kwa vizazi. Lilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka wa 1966, na mwaka wa 1983 likawa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo nchini Kenya. Mapema miaka ya 1980 bonde hilo lilikumbwa na mlipuko wa malale kwa binadamu. Mbung'o hambagui mbwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumia vibaya kwa vimelea hivyo. Utafiti juu ya mbwa wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka wa 2003 ulieleza mbwa wenye malale wakiwa na macho yaliyofunikwa na ukungu mweupe, pamoja na homa na kudhoofika. Mbwa wa namna hiyo hula kidogo, hunywa kidogo, na damu yake ni pungufu. Figo zake zinategemea prostaglandini kuliko za mbwa mwenye afya. Ukizizima kwa diklofenaki, figo zinaweza kushindwa ndani ya siku chache, hata kwa kipimo ambacho mbwa mwingine angekipita salama.

La tatu ni joto na ukavu. Kuanzia Muhuru Bay na Sori hadi Mbita na Kendu Bay, ukanda wa ziwa huwa na joto kali mchana, na mbwa wengi hawawekewi maji. Huyatafuta wenyewe kwenye madimbwi. Mbwa aliyevunjika mguu hawezi kwenda dimbwini. Akipewa tembe siku hiyo, anapewa akiwa amekauka, na tumbo likiwa tupu. Bakuli la maji kando ya mgonjwa lina uzito wa kitabibu ambao watu hawaudhanii.

Duka la agroveti nalo huleta aina nyingine ya madhara. Dawa zake ni halali na nzuri, ila zimetengenezwa kwa ng'ombe. Meloksikamu ya sindano ya ng'ombe huwa na miligramu 20 katika kila mililita. Kipimo cha mbwa siku ya kwanza ni miligramu 0.2 kwa kilo, kisha 0.1 kwa siku zinazofuata. Mbwa wa kilo 12 anahitaji miligramu 2.4, sawa na mililita 0.12. Chukua bomba la mililita 10 analotumia mhudumu kwa ng'ombe, ulitazame karibu: mstari wa kwanza haufikii udogo huo. Kinachovutwa kwa makadirio ni "kidogo tu", na kidogo hicho kikiwa mililita moja, mbwa amepewa zaidi ya mara nane ya dozi yake. Tembe za binadamu za miligramu 15 zina mtego ule ule. Mbwa huyo baada ya siku ya kwanza anatakiwa kupata miligramu 1.2 kwa siku. Tembe nzima ni zaidi ya mara kumi na mbili.

Deksamethasoni inastahili kuogopwa zaidi, hasa kwa sababu matokeo yake ya haraka yanapendeza. Ni steroidi. Mbwa aliyelala tangu juzi husimama, hula, hutikisa mkia. Saa chache baadaye anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa kila mahali, anahema, ana njaa isiyoisha. Mbwa jike mwenye mimba anaweza kuiharibu. Kinga ya mwili hushuka wakati kidonda wazi kinaihitaji. Lakini hatari kubwa iko kwenye mchanganyiko: sindano ya steroidi kutoka kwa mhudumu wa mifugo asubuhi, na tembe ya Brufen kutoka kwa mama wa nyumba jioni, kila mmoja akiwa hajui la mwenzake. Madaktari wa mifugo duniani kote hukataza steroidi na dawa za jamii ya ibuprofeni zisikutane katika mwili wa mbwa, kwa kuwa zikikutana tumbo au utumbo unaweza kutoboka. Utumbo uliotoboka hauponywi kwa dawa ya kumeza. Unahitaji upasuaji wa haraka, na mabomani haufikiki.

Hata dawa kali zinazodhaniwa kuwa ngazi ya juu zina mshangao wake. Kwa miaka mingi tramadoli iliandikwa kwa mbwa wenye viungo vibovu, hadi utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2018 ulipoonyesha kwamba kwa mbwa wenye ugonjwa wa goti na kiwiko haikuwa na faida kuliko kidonge kisicho na dawa. Ini la mbwa hutengeneza kidogo mno ile kemikali ambayo kwa binadamu ndiyo hasa inayotuliza maumivu. Mbwa alibaki na usingizi, kufunga choo na, kwa wachache, degedege, huku maumivu yakiendelea kimya.

Neno degedege linaleta jambo zito zaidi katika kaunti hizi mbili, ambalo ni kichaa cha mbwa. Kenya ilizindua mpango wa kukitokomeza ifikapo mwaka wa 2030, ulioanza 2014 kwa kaunti tano za majaribio, zikiwemo Kisumu na Siaya upande wa pili wa Ghuba ya Winam. Migori na Homa Bay hazikuwa kwenye tano hizo. Sasa fikiria mbwa aliyemeza tembe nyingi za ibuprofeni, akaanza kuyumba, kutokwa mate na kutetemeka uani. Hakuna mtu mwenye busara atakayesubiri. Atauawa kwa marungu, na watoto waliocheza naye watapelekwa kuchanjwa, jambo ambalo ni sahihi kabisa maadamu hakuna anayejua kilichomsibu. Gharama ya sindano hizo itakuwa imetokana na tembe.

Kinyume chake ni cha kutisha zaidi. Mbwa mwenye kichaa cha aina ya kupooza hafokei mtu. Hulegea taya, hushindwa kumeza, hutokwa mate, na humfanya mwenye mbwa aamini kwamba mfupa umemkwama kooni au kwamba jino linamuuma. Mwenye huruma huchukua tembe, humpanua mdomo kwa mikono miwili na kusukuma dawa nyuma ya ulimi. Mikono yenye michubuko ya jembe au ya nyavu za omena inaingia kwenye mate yenye virusi. Dawa ya maumivu hapa haimdhuru mbwa hata kidogo. Inamfikisha binadamu mahali ambapo asingefika. Mbwa aliyelegea taya na kushindwa kumeza asiwekewe mkono mdomoni, kwa sababu yoyote ile.

Je, mtu anaweza kutofautisha sumu na dawa bila maabara? Si kwa uhakika, ila mwendo wa saa husaidia. Sumu za wadudu za jamii ya karbofurani, ambayo iliwahi kutumiwa Kenya kuua hata simba, hufanya kazi ndani ya dakika au saa chache: mate mengi, kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo, kifo. Vidonda vya dawa za maumivu huchukua siku, na kinyesi cheusi ndiyo alama yake. Sumu ya panya inayozuia damu kuganda nayo huchukua siku tatu hadi tano na huleta kuvuja damu, hivyo inachanganya. Parvo huwapata zaidi watoto wa mbwa wasiochanjwa, kwa kuhara damu yenye harufu kali. Kwa mbwa mzima aliyekuwa akichechemea wiki iliyopita, akapewa tembe, kisha akaacha kula na kutoa kinyesi cheusi, hatuhitaji kuanzia kwa jirani.

Nchi zenye madaktari wengi nazo hazikuyaona madhara haya mapema. Kaprofeni, iliyouzwa na Pfizer kwa jina Rimadyl, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1996 na kuingia sokoni mwaka uliofuata ikiwa dawa ya mbwa hasa, si ya binadamu iliyokopwa. Ilipokelewa kwa furaha, kwa kuwa mbwa wazee walianza kupanda ngazi tena. Kisha taarifa za mbwa walioharibika ini zikaanza kuingia. Mwaka wa 1998 madaktari walichapisha maelezo ya mbwa 21 walioumia hivyo, na 13 kati yao walikuwa Labrador. Hakuna aliyetarajia tukio hilo kwa kuangalia kipimo tu. Lilikuwa nadra, na lilionekana kwa sababu watu wengi waliandika barua, wakapiga simu, wakajaza fomu. Lebo ya dawa ikabadilishwa, na kupima ini kabla ya kuanza dawa ya muda mrefu kukawa jambo la kawaida.

Historia hiyo imejirudia karibuni. Bedinvetmabu, sindano ya kila mwezi iitwayo Librela, iliidhinishwa Ulaya mwaka wa 2020 na Marekani mwezi Mei 2023, na ilisifiwa kwa kuwa haipiti njia ya prostaglandini na hivyo haigusi tumbo. Desemba 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia madaktari wa mifugo kuhusu taarifa ilizopokea za mbwa walioyumba, waliopata degedege, walioshindwa kusimama, walioshindwa kuzuia mkojo, na wengine waliokufa. Taarifa si uthibitisho kwamba dawa ndiyo iliyoua, na FDA ilisema wazi kuwa zina mipaka. Lakini mazungumzo hayo yaliwezekana kwa sababu mbwa mmoja mmoja aliandikwa mahali.

Sheria za Kenya zina nafasi ya jambo hilo. Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wasaidizi wao ya mwaka wa 2011 iliweka Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, kusimamia taaluma, na kanuni zilizotolewa chini yake mwaka wa 2015 ziliunda Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, VMD. Tangu ugatuzi wa 2013, huduma za mifugo mashinani ni kazi ya kaunti. Hata hivyo, tembe inayomuua mbwa wa Ndhiwa kwa kawaida haikupita kwenye mkono wowote wa mfumo huo. Ilinunuliwa kama dawa ya binadamu, iliyo chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na muuzaji hakuambiwa ni ya nani. Mhudumu wa mifugo hakuitwa. Mzoga ulizikwa au ukatupwa. Ofisi mbili zina daftari, na kifo hiki hakina ukurasa kwenye lolote kati yake.

Wala si haki kumlaumu ofisa wa mifugo peke yake. Anahudumia ng'ombe wa Kuria, mbuzi wa Nyatike na maziwa ya Oyugis, na mifugo hiyo ndiyo inayolipa karo na mahari. Mbwa hana bei. Mara nyingi siku pekee ambayo mbwa wa kijiji hukutana na mtaalamu ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, wanapopangwa foleni kwa kamba chini ya mti. Siku hiyo inatumika vibaya kwa kuishia kwenye sindano. Ndiyo nafasi ya kumweleza kila mwenye mbwa asitumie ibuprofeni wala diklofenaki, na ya kumwandikia kwenye kadi ya chanjo uzito wa mbwa wake. Uzito haudai vifaa vya ajabu: mtu hupanda kwenye mizani ya muuza nafaka akiwa amembeba mbwa, kisha hupanda peke yake, na tofauti ndiyo jibu. Bila namba hiyo, kila dozi ni kubahatisha.

Mizoga nayo isisahauliwe. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2004 ulieleza kwa nini tumbusi wa Asia Kusini walikuwa wakitoweka: walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, na figo zao zikafa. India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka wa 2006, baada ya baadhi ya spishi kupungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mizoga iliyokosa walaji ikawalisha mbwa wa mitaani, nao wakaongezeka pamoja na hofu ya kichaa. Tumbusi wa Afrika wenye mgongo mweupe walipopimwa, walionekana kudhurika vile vile, na ndege hao huruka juu ya Maasai Mara, jirani kabisa na Migori. Mnyama aliyekufa akiwa na diklofenaki mwilini azikwe, tena kwa kina.

Baada ya yote haya, mtu anaweza kuhitimisha kwamba mbwa aachwe na maumivu yake. Hilo lingekuwa kosa baya zaidi. Hadi miaka ya karibuni bado walikuwapo walioamini kwamba maumivu humtuliza mnyama ili apone, na hata leo mbwa wengi dume huhasiwa bila chochote cha kuwapunguzia. Maumivu makali huchelewesha kupona, huzuia kula na kulala, na humfanya mbwa mpole amuume mtoto anayemgusa. Chuo Kikuu cha Glasgow kimetengeneza kipimo cha maumivu cha mbwa kinachotumia macho na mikono tu: anavyolala, anavyoitikia kidonda kikiguswa, anavyoinuka. Chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, kilitoa mwongozo wa maumivu mwaka wa 2014 na kuuhuisha 2022, kikizingatia pia mahali ambapo dawa ni chache. Meloksikamu kwa kipimo cha mbwa, pamoja na chakula na maji, kwa siku chache na chini ya usimamizi wa mtaalamu, ni matibabu mazuri. Mguu uliofungwa vijiti sawasawa na mbwa aliyefungiwa mahali pamoja hupunguza maumivu kabla dawa yoyote haijatolewa.

Na iwapo tembe mbaya imeshamezwa, muda ndio unaoamua. Ndani ya saa moja au mbili daktari anaweza kumtapisha mbwa na kumpa mkaa wa dawa. Kumtapisha kwa maji ya chumvi au mafuta nyumbani kuna hatari zake na kusijaribiwe. Baada ya hapo kazi ni maji ya mishipani kuokoa figo, na omeprazoli kulinda tumbo. Mwaka wa 2018 jopo la wataalamu wa tiba ya ndani ya wanyama liliziweka dawa za jamii hiyo mbele ya nyingine kwa vidonda vya tumbo vya mbwa, zikitolewa mara mbili kwa siku. Kwa parasetamoli ipo N-asetilisisteini, ile ile inayotumika kwa binadamu hospitalini. Omeprazoli imejaa kwenye rafu za kemisti, hatua chache kutoka kwenye ibuprofeni iliyoleta madhara. Ili daktari aichague pamoja na mengine yanayohitajika, anapaswa kuelezwa mbwa alipewa tembe gani, ngapi, na saa ngapi, na karatasi yake ipelekwe pamoja na mbwa.